Shimo Lisilojaa

Mtaa mzima ulimwita fundi yule Timazi, kama uzi wa kupimia wima wa ukuta, kwa sababu ukuta alioujenga yeye haukupinda hata kwa kutishwa. Basi bibi afya alipobisha hodi, faili kwapani, akikagua mashimo ya vyoo nyumba kwa nyumba, Timazi alimpokea kifua mbele, kana kwamba amekuja kumpa hongera.

"Baba, mara ya mwisho kulinyonya shimo lenu ilikuwa lini?"

"Kulinyonya?" Timazi alicheka, akamgeukia mkewe aliyempakata mjukuu. "Mama watoto, hebu mwambie mgeni! Miaka saba, binti yangu, na gari la maji taka halijui geti langu lilipo. Huo ndio ufundi!"

Bibi afya aliacha kuandika. "Chini ulimwaga zege?"

"La nini? Ardhi inakunywa yenyewe."

Bibi afya akakiangalia kisima, hatua kumi na mbili tu kutoka shimoni. Kisha akamwangalia mtoto. "Na huyu, tumbo lake likoje?"

"Linamwendesha, mwanangu," mke alidakia. "Mwezi wa tatu huu. Amebaki macho tu."

Bibi afya alitoa kichupa cha rangi nyekundu isiyodhuru, akaimimina chooni na kuisukuma kwa maji. "Kisima msikitumie kwanza. Rangi hii ikitokea humo, shimo linavujia kisimani. Nitarudi."

Timazi akawaka. "Unanifundisha kazi? Mwiko umeushika lini wewe?"

"Sijaushika, baba. Mimi nimepewa kalamu na sheria tu."

Siku ya pili Timazi aliteka maji mwenyewe, apate cha kumwaibisha. Ndoo ilipanda na maji mekundu. Akamwaga, akateka tena. Mekundu vilevile. Mkewe, mtoto begani, akachukua ndoo nyingine, akaenda kuomba maji kwa jirani.

Kisima kikafungwa kwa amri. Timazi alilivunja shimo kwa mikono yake, akajenga jingine mbali, lenye sakafu ya zege, kwa vipimo vya ofisi ya afya. Nyumba ikawa inachota maji bombani kwa jirani. Wiki ya tatu mjukuu alimaliza bakuli, akalia aongezwe. Mke naye akalia, kwa furaha.

Bibi afya alirudi na futi, akapima, akatia saini. Timazi alikuwa ameandaa hotuba nzima, lakini alivua kofia tu.

"Ahsante, binti yangu. Umeniokolea mjukuu." Akapangusa uso kwa kofia. "Sasa fungua ukurasa mwingine. Nyumba ya kinyozi, ya mwalimu, na ya dada yangu. Yale mashimo niliyajenga mimi."

"Watakuzomea, baba."

"Wazomee mpaka wachoke. Twende."

Walianza kwa dada. Alifungua mlango, akamwona kaka yake na mtu wa serikali, akashika kifua.

"Kaka, kuna msiba?"

"Hapana, dada. Nimekuja kukuvunjia choo."