Kiingereza cha Kilongapi

Mwenye bucha alibandikwa jina la Kilongapi kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa maneno yake. Uingie na furaha, "Kilo ngapi?" Uingie na msiba, "Kilo ngapi?" Hata mkewe, miaka yote ya ndoa, hakuwahi kupata la ziada, labda chumvi ikizidi.

Basi binti yao alipopiga simu kwamba anamleta mchumba, mgeni wa mbali anayejua Kiingereza tu, Kiswahili hata cha kuombea maji hana, Kilongapi alikosa raha kabisa. Kijana huyo angemchukua mtoto wake aende naye huko kwao. Ilikuwa lazima amwambie, uso kwa uso, amtunze. Na hakutaka binti atafsiri, maana binti huyo ukimtuma na maneno yako hufikisha nusu.

"Nitaongea naye mwenyewe," akamwambia mkewe.

"Wewe? Kwa lugha gani, ya mizani?"

Kilongapi akatoka zake. Ukuta mmoja na bucha palikuwa na saluni, na msusi alikuwa na rafu nzima ya riwaya za Kiingereza za kuwatuliza wateja wakingoja nywele zikauke. Akaazima moja. Jaladani mwanamume kifua wazi alimbeba mwanamke aliyezimia, kama Kilongapi anavyobeba paja la ng'ombe. Akalifunika kwa karatasi ya kufungia nyama, akajibanza nyuma ya gogo, akasoma. Kiingereza cha shule kilikuwa kimelala fofofo, taratibu kikaamka. Akikwama aligonga ukuta, msusi akamfafanulia kwa sauti kutoka upande wa pili, isipokuwa maneno mengine ambayo msusi aliona haya akajifanya hasikii.

"Baba, lakini hivi ni vitabu vya mapenzi," msusi alimwonya.

"Kwani huyo kijana analetwa na nini? Maini?"

Akamaliza kimoja, akaazima kingine, na vyote vilikubaliana. Hakuna aliyeuliza habari za asubuhi. Watu walitazamana, wakatetemeka, wakamwaga ya moyoni. Kilongapi akaamua kwamba wenye Kiingereza ndivyo walivyo, na yeye ni nani hata abishane nao kwa lugha yao?

Siku ikawadia. Mchumba akaingia sebuleni, pande la mtu, jasho linamchuruzika, maana alishaambiwa baba mkwe ana visu na hana maneno. Kilongapi akasimama, akakohoa, akamshika mikono yote miwili, akatiririka Kiingereza bila breki: kwamba tangu amwone mlangoni pumzi zimemkata, kwamba mabega yale mapana yanamtia kizunguzungu, kwamba amegaagaa kitandani usiku kucha akimngojea.

Kijana mdomo wazi. Binti akajiziba uso kwa mto wa kochi.

"Anasemaje?" mama mtu akauliza. "Mbona mgeni wa watu kabadilika rangi?"

"Ana... anamkaribisha," binti akasema.

"Umeona? Keshapunguza!" Kilongapi akafoka.

Akarudi kwa mgeni. Sasa lilibaki lile moja, amtunze. Masikini! Akapekua vitabu vyote kichwani, asilione neno hilo popote. Akamnyooshea binti kidole, akasema kwa alichokuwa nacho: kabla huyu hajaja, maisha yangu yalikuwa chumba kitupu. Ukiondoka naye, moyo wangu unaondoka naye. Ukimuumiza, sitapona.

Mto ukaanguka. Binti alikuwa analia. Kwa Kiswahili, maisha yake yote baba huyu alikuwa amemwambia umekula, na funga mlango, basi.

Kijana naye akajifuta macho, akajibu polepole kwa Kiingereza kwamba atamtunza.

"Hilo hilo!" Kilongapi akaruka. "Ndilo neno nililokuwa nalitafuta!"

"Na mimi nitafsirie," mama akamwambia binti, "na usipunguze."

Binti akatafsiri yote, mabega na chumba kitupu. Mama akamgeukia mumewe.

"Kumbe yamo," akasema. "Miaka yote yamo, mimi naambiwa chumvi imezidi."

Kilongapi akaangalia viatu vyake. Aliona aibu kwelikweli.

Asubuhi yake mke mwenyewe alikwenda saluni, akachagua kitabu kinene kuliko vyote, akakibwaga juu ya gogo la nyama mbele ya wateja.

"Mimi Kiingereza sijui," akasema, akavuta kiti. "Utasoma, halafu utanitafsiria. Na ole wako upunguze."