Matete ya Mzee Tjaden

Kwa miaka thelathini Orville Tjaden aliitukana sheria ya serikali ya Washington ya kulinda vinamasi, pamoja na ofisi inayoisimamia, kila asubuhi, kabla hata ya kahawa. Sasa, na miaka yake sabini na tisa, alikuwa kapiga magoti bondeni mwa shamba akipanda matete kwa siri.

Shamba halikuwa lake tena. Alipostaafu alimwandikia mwanawe Delmar hati ya umiliki, naye Delmar akapata wanunuzi, wajenzi wa maghala. Mahindi ya Iowa yang'olewe, zege limwagwe mpaka chini ya dirisha la mzee. Dawa ilibaki moja: ofisi ya serikali ikitamka kuwa bonde ni kinamasi, hakuna wa kulifukia. Mzee akaipigia simu ofisi ileile aliyoilaani, tena kwa upole uliomtia aibu mwenyewe.

Mkaguzi, Bi. Renae Kolker, akaja na buti za mpira. Akang'oa tete moja. Mizizi ilikuwa bado na umbo la kopo la miche la dukani.

"Haya yana muda gani hapa, Bwana Tjaden?"

"Wiki tatu," mzee akakiri. "Lakini we chimba, mama. Udongo hausemi uongo."

Akachimba. Ukatoka udongo wa kijivu, udongo wa maji ya kale, na mzee akafurahi waziwazi.

"Si unaona? Bata walitagia hapa. Baba yangu ndiye aliyezika mabomba ya kutolea maji akapakausha."

Delmar, aliyekuwa amesimama kando yao, akaingia ndani ya nyumba akarudi na fremu ya ukutani jikoni.

"Baba, hii umenisomea tangu sijaota ndevu."

Ndani ya kioo mlikuwa na karatasi ya miaka ishirini na minane: shamba la Tjaden lilikaushwa kabla ya sheria, kwa hiyo sheria hailigusi, hata likifukiwa. Mhuri wa ofisi. Sahihi mbili, ya mzee na ya R. Kolker.

Bi. Kolker akafuta vumbi la kioo kwa kiganja.

"Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini," alisema. "Nilikataa kutia sahihi mara mbili. Ukanishtaki kwa wakubwa wangu, nikalilia ndani ya gari. Mara ya tatu nikasaini."

Mzee aliliangalia bonde, na matete yake kumi na moja yaliyokwisha kunyauka.

"Ungekataa na mara ya tatu, mama," alisema.