Kitambaa cha Ndani

Wifi yangu aliingia kwenye chumba changu cha kushonea akizunguka kama bibi harusi. Gauni lilikuwa linamning'inia mabegani.

"Hebu niangalie, wifi! Nimekonda bila hata kujinyima. Nipunguzie kiunoni, wenye wivu wapasuke."

"Umependeza," nikamwambia, nikachukua futi.

Nilipomaliza kumpima, jagi langu la maji lilikuwa tupu. Akaenda msalani, akarudi amevaa nguo yake ya kushindia, gauni kalishika mkononi, akaomba maji mengine. Kidonda cha mguuni alichochubuliwa na kiatu siku alipolichukua gauni hili, mwezi mzima uliopita, bado kilikuwa kibichi. Moyo wangu ukacheka.

Dalili hizo nazijua. Kaka yake, mume wangu, alianza hivyo hivyo: kiu, choo, suruali kumvuka. Nilipotaka kumpeleka hospitali, wifi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mwanamume mzima kukimbilia daktari kwa ajili ya kiu? Kaka anadeka tu. Mkewe ndiye kamdekeza." Mume wangu akaona haya, akavua viatu, akabaki nyumbani. Sukari ikamuua. Msibani huyu huyu alilia kuliko mimi niliyefiwa.

Nikaligeuza gauni ndani nje. Kila fundi huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili mteja akinenepa nguo ifumuliwe, iongezwe. Hata mimi nilimwachia.

Wifi akakaa. Safari hii hakuringa.

"Wifi, mbona nachoka hivi? Hata macho yanaingia ukungu. Isije ikawa kama ya kaka."

Neno lilikuwa moja tu: nenda hospitali leo. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza.

"Wewe nawe! Unadeka tu."

Akashusha pumzi, akacheka, akanikumbatia. Midomo yake ilikuwa mikavu shavuni kwangu. "Ahsante, wifi yangu. Ningemuuliza mwingine angenitisha bure."

Raha hiyo niliisubiri tangu siku ya mazishi, na ilikuwa tamu, sitadanganya. Nikashika mkasi huku yeye akitafuta viatu vyake.

Alipofika mlangoni akageuka. "Kile kitambaa cha ndani usikikate, eti. Nikinenepa tena utaniongezea."

"Sawa, wifi," nikasema.

Nilikuwa nimeshakikata.