Mama Mdogo Hana wa Kulingana Naye

Desimali alipeleka chai kwenye korido ya kliniki ya macho, akamkuta mama yake mdogo amekaa kwenye benchi bila kuwa mbele ya mtu wala nyuma ya mtu. Kulia kwake palikuwa na mgonjwa, kushoto mgonjwa, na hakuna aliyekuwa jirani yake. Mfagiaji alimwomba ainue miguu, akapiga deki.

Programu ya foleni aliiandika Desimali mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Jina hilo la utani alilipata kwa kuwa hata habari za nyumbani huzijibu kwa namba zenye nukta. Programu ilichukua mara alizohudhuria mgonjwa, ikazigawa kwa miadi aliyopewa, na mwenye alama kubwa akatangulia. Mama mdogo hakuwahi kupewa miadi. Sifuri kugawanya kwa sifuri: kompyuta ikasema hiyo si namba, ikaendelea na kazi zake.

“Mwanangu, jicho la pili nalo linaingia ukungu. Nipeni basi hiyo miadi.”

“Miadi wanapewa walio kwenye foleni, mama.”

“Kwani mimi niko wapi?”

Desimali akarudi ofisini kuiuliza programu. Aliita amri ya isless: mama mdogo yuko chini ya mgonjwa mwingine? Hapana. Akaita isgreater: yuko juu yake? Hapana. Wako sawa? Hapana. Akamlinganisha na yeye mwenyewe. Hapana. Hilo mama mdogo alishalijua. Kwenye kioo cha msalani alikuwa akikutana na mwanamke mwingine, mwenye adabu zake, wakisalimiana kila mtu akaenda zake.

“Nimpe alama kwa mkono,” Desimali alimwambia mkurugenzi.

“Ndugu yako? Huo ni upendeleo. Hakuna kitu cha kuwatambua watu wa namna hii?”

“Kipo. Amri ya isunordered, ya wasiopangika.”

“Basi.”

Desimali roho ilimuuma, lakini akafyata mkia. Isunordered ikawatambua wote, tena chapuchapu. Wakatengewa chumba chenye makochi na feni, na Desimali akapewa cheti.

Sasa macho yote mawili ya mama mdogo yamefunga. Yule mwanamke wa kwenye kioo, ambaye anaona vizuri, humshika mkono akamrudisha kwenye kochi. Desimali akileta chai, mama mdogo humuuliza kama zamu yake imefika. Desimali huiuliza programu, nayo humjibu hapana, papo hapo, bila kosa lolote.