Shimo Juu ya Chemchemi

Amaq Kertasih alipiga goti, akatega dumu la lita tano penye mchirizi wa chemchemi, kisha akaliondoa halijafika hata robo. Juu ya maji ulielea utando wa mafuta, nayo yalinuka.

Alijua harufu inatoka wapi. Hatua thelathini juu ya hapo, kwenye nyasi ndefu, palikuwa na shimo lake.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepandisha mizigo ya watalii mlima Rinjani, kikapu mbele na kikapu nyuma, mwanzi begani. Wakati wa kushuka, takataka zote zilitakiwa kurudi na kupimwa kwenye mizani getini. Yeye ndiye aliyebuni ujanja: zika takataka huko huko juu, ukikaribia geti tia mawe kwenye mfuko. Makopo, betri, karatasi za chooni, vyote viliishia shimoni. Wapagazi wenzake walicheka, wakamuiga. Sasa mashimo yalikuwa mengi kuliko mahema.

"We mzee, umeanza kuogopa maji?" Mahnep, mpagazi mwenzake, alimpigia kelele. "Chota twende! Wageni wanalilia magoti huko."

"Yananuka."

"Hata wewe unanuka, na mkeo hajakukimbia."

Amaq Kertasih hakucheka. Alikuwa ametumwa maji na bintiye Kertasih, yule aliyempa jina la Amaq, yaani Baba. Kesho mjukuu wake angenyolewa nywele za kwanza, na ukoo wao ulilowanisha kichwa cha mtoto kwa maji ya chemchemi hii tu. Kichwa chake mwenyewe kililowanishwa kwayo.

"Mahnep, shimo langu limevuja."

Mahnep alisogea karibu. "Lako, langu, la nani, utajuaje? Ila usiende kuropoka kijijini. Watalii wakisikia, tutakula nyasi."

Amaq Kertasih akayamwaga maji. Alipofika nyumbani alizunguka nyuma ya jiko, akajaza dumu kwenye bomba.

Kesho yake wanaume walisimama sebuleni wakiimba kaswida, mtoto akipitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akikata nywele kidogo. Mama mkwe wa Amaq Kertasih, Papuq Seriah, bikizee wa macho mazito, alikaa karibu na bakuli la maji na maua. Alichovya kidole, akalamba.

"Haya ndiyo maji! Ya bomba hayana utamu huu," alisema. "Baba Kertasih, Mungu akupe nguvu. Ungekuwa mtu mwingine angetuletea ya bomba, tungejuaje sisi?"

Watu wakacheka. Mtoto akamfikia babu yake. Upande wa kulia ulikuwa umeshakatwa. Wa kushoto ulimngoja yeye. Alishika mkasi, lakini hakukata.

"Mama, haya ni ya bomba."

Kaswida ikakatika.

"Unasemaje?"

"Ya kule juu nimeyaharibu. Nimezika uchafu wa wageni juu yake miaka yote hii. Na wenzangu mimi ndiye niliyewafundisha."

Mahnep alitazama vidole vya miguu yake. Kertasih alimtazama baba yake kama mtu asiyemjua.

Papuq Seriah alipapasa kichwa cha mtoto, upande uliokatwa, kisha ule mwingine. Akamfunika kitambaa.

"Rudisheni mkasi. Huu upande utamngoja babu yake, mpaka atuletee maji ya chemchemi."

"Mama, watoto watamcheka," alisema Amaq Kertasih.

"Wakimuuliza, atawaelekeza kwako."

Jumatatu Amaq Kertasih alipanda peke yake, bila wageni, akiwa na jembe na mifuko mitupu. Alishuka na mifuko mitatu. Getini mpimaji alipekua mifuko hadi chini akitafuta mawe, akakosa, akamtazama kwa mshangao.

Alipanda tena, na tena. Mara ya sita Mahnep alimkuta shimoni, akatua mwanzi wake, akaanza kufukua la kwake bila salamu.

Chemchemi bado ilinuka. Nywele za upande wa kushoto zilikuwa zimeanza kufunika sikio.