Nta Iliyohamia kwa Mke wa Fundi Cherehani

Asubuhi, kabla chai haijapoa, mke wa fundi cherehani alikuwa ameshapanga trei za vyuma vya kunyooshea meno ndani ya joko la kiwanda. Vilikuwa vidogo kama punje za mchele na laini kama sabuni, maana bado vilikuwa unga wa chuma uliokandwa na nta. Kazi yake ilikuwa kuitoa nta hiyo kwa joto la polepole hadi kesho yake, ndipo vipande viingie tanuri kubwa, visinyae, viwe chuma kweli. Ukivikimbiza vinatoka malengelenge.

Meneja aliagiza vikimbizwe. Feni ya kufyonza moshi ilikuwa imekufa zamani.

Vipande vikawa tayari kabla ya chakula cha mchana, bila lengelenge hata moja. Nta haikuwa jokoni wala kwenye bomba. Ilikuwa inamtoka mke wa fundi cherehani shingoni, kwapani na puani, ya kijivu, ikinuka kama nywele zilizoungua. Alijifuta, akaenda kula. Chakula kilimganda kaakaani.

Meneja alikuja, akamkwangua nyuma ya sikio kwa ukucha, akanusa, akaonja.

"Safi," alisema. "Irudi kwenye pipa."

Mke wa fundi cherehani akaletewa ndoo na kijiko cha kujikwangulia.

Toka hapo kila trei ilimpunguza kidogo. Alisinyaa pande zote sawasawa, kama vipande vyenyewe. Mumewe alimpunguzia sare, akaipunguza tena, mwisho akamshonea nyingine kwa kitambaa cha mfuko wa ile ya kwanza. Watoto waliacha kumkumbatia. Hawakuogopa; walikuwa wananata. Usiku aligeukia ukuta asijinuse, na ukuta nao ukanuka.

Fundi cherehani akamfuata meneja kazini.

"Mke wangu anaisha," alisema.

"Haishi, shemeji. Anasinyaa. Hayo ni mambo mawili." Meneja alimpima mwanamke bega kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vipande, akatabasamu. "Ona, hana hata ufa!"

"Tengeneza feni."

"Ili nta iende wapi, nje? Huo si ufujaji?"

"Basi mwache apumzike."

"Aseme mwenyewe."

"Nimeichoka harufu yangu," alisema mke wa fundi cherehani, ambaye sasa alimfika meneja kiunoni. Akaitua ndoo sakafuni, akamshika mumewe kidole, wakatoka.

Nyumbani fundi cherehani alimsugua kwa majivu na maji ya moto, siku baada ya siku, mpaka nta ikakoma. Kimo hakikurudi. Kilichosinyaa hakitanuki, hilo kila mtu pale kiwandani alilijua, na yeye hakulilalamikia. Watoto walirudi kumkumbatia, wakiinama.

Alipokwenda kuchukua viatu vyake alivyoviacha kiwandani, alikuta wanawake wamejipanga getini.

"Dada zangu," aliwaambia, "ile nta inahamia mwilini. Nitazameni."

Walimtazama, tena vizuri, kuanzia utosini hadi miguuni.

"Pole, dada," alisema wa mbele. "Wanachukua wangapi?"

Meneja alitoka na kalipa yake, vidole vinang'aa mafuta. Akapita akiwabonyeza mikono mmoja mmoja, kama anayechagua maembe.

"Wanene waje mbele," alisema.

Mstari ukajipanga upya. Wawili waliokonda, kule nyuma, wakaanza kujaza pumzi mashavuni.