Universite ya Victoire

Kiharusi kilimpata Mwalimu Félicien Ntawukuriryayo akiwa amesimama kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Sange, akimweleza mtu jambo. Sentensi yake ilikatika katikati. Alipotoka hospitali mjini Uvira, mkono wa kulia ulikuwa umelegea na mguu ulikuwa mzito, lakini hayo yalivumilika. Kilichowaumiza watu ni kwamba mdomo wake ulibaki na sauti moja tu: "Tata, tata, tata."

Alikuwa ameongoza shule ya msingi ya Bwegera mpaka alipostaafu. Wazazi wengi wa bonde lile la Ruzizi walijifunza kusoma mikononi mwake, na hata alipostaafu walikuwa wakishuka kwenye pikipiki kumsalimia barabarani. Sasa walikuja nyumbani, wakakaa, wakasikia ile "tata, tata", wakaaga mapema.

Binti yake wa mwisho, Victoire, ndiye aliyebaki naye. Alikuwa na diplome ya sekondari, tena kwa alama nzuri, lakini mwaka ule aliopaswa kwenda universite Bukavu ndio mwaka mama yake alipofariki, na nyumba ikahitaji mtu. Daktari wa Uvira alimwambia waziwazi, "Baba yako anasikia yote na anaelewa yote. Maneno yamo ndani, njia ya kutokea ndiyo imeharibika. Anahitaji mtaalamu wa kumfundisha kusema, na huku kwetu hatuna. Basi umzungumzishe."

Alimzungumzisha kweli. Lakini mtu anachoka kuongea na anayemjibu neno lile lile. Polepole Victoire akawa anamlisha, anamwogesha, anafua, kisha anakaa kando yake barazani na simu mkononi: Facebook, TikTok, ngoma za Kinshasa, arusi za watu asiowajua. Kidole kinapanda, kidole kinashuka, mpaka jua linazama nyuma ya milima.

Alasiri moja shangazi yake, Geneviève, alikuja kumwona kaka yake. Akamuuliza, "Kaka, utakunywa chai?"

"Iko anataka," Victoire akajibu bila kuinua macho kwenye simu.

Mzee akapiga meza kwa mkono wa kushoto, vikombe vikaruka. "Tata! Tata!" Machozi yakamshuka. Hakutaka chai. Pengine alitaka uji, pengine hakutaka kitu. Alichotaka zaidi ni kuachwa ajibu mwenyewe.

Shangazi alipoondoka, Victoire alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake. "Papa, unisamehe. Minye nashindaka ku hii telefone, nakuacha peke yako."

Jioni ile hakufungua Facebook. Aliandika kwa Kifaransa, kwenye ukurasa wa kutafutia, maneno ya daktari kama alivyoyakumbuka: mtu aliyepoteza maneno baada ya kiharusi. Akasoma, akafuata, akafika kwenye kozi ya chuo kikuu kimoja cha Ulaya kuhusu jambo lile lile. Ilikuwa na masomo ya video, mazoezi na mtihani. Pembeni palikuwa na neno alilolisoma mara mbili, akidhani amekosea: bure.

Akajiandikisha. Somo la kwanza likakataa kuingia, kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Akaanza kufuta: ngoma, arusi, vichekesho. Bado nafasi haikutosha. Akaitazama Facebook, akaitazama TikTok, akaziondoa zote mbili.

Kesho yake rafiki yake Alliance alimpigia kutoka Uvira. "Weye, umepotelea wapi? Umetufungia?"

"Niko nasoma."

"Unasoma nini?"

"Universite."

Alliance alicheka sana, na Victoire akacheka pia, maana hata yeye neno lile lilimtekenya mdomoni.

Kusoma hakukuwa mchezo. Kifaransa cha maprofesa hakikuwa kile cha sekondari, ikambidi arudie video mpaka kichwa kinauma. Jaribio la kwanza alishindwa. Akalala na aibu ndogo, asubuhi akalirudia akiwa anachagua mchele, akapita. Tena picha za mazoezi zilikuwa za theluji, za treni, za mikate mirefu. Mzee alizitazama, akamtazama binti yake kama anayesema: na hivi ni vitu gani?

Kwenye ukurasa wa maswali, penye wanafunzi wa Lomé, wa Dakar na wa Kanada, Victoire aliandika kwamba baba yake hajawahi kuona theluji, afanye nini. Mwalimu wa kozi akamjibu siku ile ile: atumie vitu vya maisha ya baba yake, na kama alikuwa mtu wa kuimba, aanze na nyimbo, kwa sababu mara nyingi wimbo hubaki hata maneno yakienda.

Mzee alikuwa mtu wa kuimba. Aliongoza kwaya ya kanisa tangu ujanani. Victoire akaushika mkono wake wa kushoto, akawa anaupigisha taratibu pajani mwake, akaanza wimbo wa Krismasi ambao baba yake aliupenda. Mstari wa kwanza aliuimba peke yake. Wa pili mzee aliufuata kwa mdomo uliopinda, na maneno yakatoka. Maneno yenyewe, mazima, si "tata".

Shangazi Geneviève, aliyekuwa anatwanga majani ya muhogo ya sombe uani, aliacha mchi ukaanguka. "Nani huyo anaimba?"

"Iko Papa!" Victoire alilia na kucheka kwa pamoja. "Shangazi, iko Papa!"

Kuanzia hapo waliimba kila kitu. Waliimba maji, mchele, samaki wadogo wa ndagala, majina ya watoto na wajukuu. Kisha, kama kozi ilivyoelekeza, Victoire akaupunguza wimbo kidogo kidogo, ukabaki mdundo wa mkono tu, na maneno yakajifunza kutembea bila kushikiliwa. Siku nyingine yaligoma kabisa, mzee akakasirika, na wakaachana na kazi. Siku nyingine yalikuja mawili matatu pamoja. "Chai hapana," alisema asubuhi moja. "Uji." Victoire aliupika uji ule kana kwamba anampikia askofu.

Habari ilitembea. Mama Marie wa Katogota alimleta mume wake, naye alikuwa amepoteza maneno. Akaja mwingine. Frédéric, muuguzi wa kituo cha afya, aliwaazima baraza siku za soko, na Victoire akawa anakaa nao pale, akieleza kila mara, "Minye si daktari. Nawaonyesha tu vile nimejifunza." Mtihani wa mwisho aliufanya kwenye benchi la baraza lile lile. Akafaulu. Akajiandikisha kozi nyingine, ya namna ubongo unavyofanya kazi.

Mwisho wa mwaka wa shule, Bwegera walimwalika mkurugenzi wao wa zamani kwenye proklamasyo, siku ya kutangaza matokeo. Walimwekea kiti cha mbele, kwa heshima tu. Lakini mkurugenzi mpya alipofika darasa la sita, mzee aliinuka na kunyoosha mkono. Akapewa karatasi. Uwanja wote ukamgeukia, hata watoto waliokaa juu ya ukuta.

Akapiga paja lake kwa vidole, mara kadhaa. Victoire aliyekuwa nyuma akagundua kwamba na yeye anapiga la kwake.

"Wa kwanza," mzee akasema. Akapumua. "Igi... Igiraneza. Candide."

Kelele zilizopanda pale zilisikika hadi barabara kuu. Candide mwenyewe, msichana mwembamba, alikimbia mbele, na mama yake akammwagia poda shingoni na kichwani kama inavyofanywa kwa anayefaulu. Mzee akamwomba yule mama kopo la poda kwa ishara, akageuka, akamwita binti yake.

"Papa, minye hapana, iko siku ya watoto," Victoire alinong'ona.

"Huyu," mzee akawaambia watu, polepole, kila neno likija kwa miguu yake, "iko mutoto yangu. Anasoma... universite."

"Papa, iko ku telefone tu."

"Universite," mzee akarudia, kwa ile sauti ya mkurugenzi isiyojibiwa.

Akammwagia poda yote iliyobaki, kwa mkono wa kushoto, vibaya, nyingine ikaingia masikioni na nyingine ikamwangukia yeye mwenyewe kwenye koti. Wazazi aliowafundisha kusoma walisimama wakapiga makofi. Victoire alisimama mweupe katikati yao, shingo imenyooka, wala hakujipangusa.